Namna ya kuthibitisha kwamba goti la dereva wa kusambaza mizigo liliumia kazini

Dereva wa kusambaza mizigo hupanda na kushuka garini tangu asubuhi hadi jioni, aghalabu akiwa amekumbatia mzigo unaomzuia kuona anapokanyaga, kwa hiyo si ajabu goti lake likiumia. Anayelipa fidia mara chache hukana kwamba goti linauma. Anachouliza ni kama liliumia kazini au lilichakaa kwa umri na mpira wa jioni. Jibu hutegemea maandishi, na yenye uzito kuliko yote ni yale yaliyoandikwa mapema, kabla mtu hajaanza kufikiria madai.

Kwa hiyo mwarifu msimamizi wako siku ileile kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, ukitaja saa, mahali na ulichokuwa ukifanya. Sheria nyingi huweka muda wa kumwarifu mwajiri na muda mwingine wa kufungua dai, na ule wa kwanza huweza kuwa mfupi sana. Kusubiri wiki mbili ukidhani maumivu yatapoa ni jambo la kawaida, lakini hutumiwa mara nyingi kumkataa dereva.

Kisha nenda kwa daktari, na hapo ndipo uwe makini kuliko popote. Ukisema tu “goti linauma”, ndivyo itakavyoandikwa kwenye faili, na faili hilo halitasema lolote kuhusu kazi. Eleza hivi: “Nilikuwa nashuka garini na katoni mikononi, mguu wa kulia ukiwa umekanyaga chini, mwili ukageuka kushoto, nikasikia kitu kikialika ndani ya goti.” Kugeuza mwili huku mguu umeshikilia ardhi ni njia inayojulikana ya kuchanika kwa gegedu lililo kati ya mfupa wa paja na muundi, kwa hiyo maelezo hayo yanaunganisha tukio na jeraha. Taja pia uvimbe ulianza lini, kwa kuwa goti linalojaa ndani ya saa chache huashiria damu kuvujia ndani, kama inavyotokea kano inapokatika, ilhali gegedu lililochanika mara nyingi huvimba taratibu hadi kesho yake.

Eksirei huonyesha mifupa, lakini gegedu na kano huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku. Hata hivyo, picha peke yake haimalizi ubishi, kwa sababu magegedu yaliyochanika huonekana pia kwa watu wa makamo wasiohisi maumivu yoyote. Kinachohitajika ni barua ya daktari inayoeleza kwa nini jeraha hili limetokana na kazi hii, na neno moja ndani yake laweza kukuangusha: “huenda” ni dhaifu, wakati mifumo mingi ya fidia hutaka daktari aseme kwamba uwezekano wa kazi kuwa chanzo ni mkubwa kuliko kutokuwa. Msaidie kuandika kwa uhakika kwa kumpelekea maelezo ya kazi yako: idadi ya vituo kwa siku, uzito wa mizigo, na urefu wa ngazi ya gari kutoka ardhini, uliopimwa kwa futi ya kamba na kupigwa picha.

Goti lililochakaa polepole ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna siku ya ajali ya kuonyesha. Hapa kumbukumbu za kifaa cha kuskani vifurushi na za GPS inayorekodi gari lilipopita ndizo mashahidi wako wa mara ngapi ulishuka, na uziombe mapema kwa maandishi kabla hazijafutwa. Angalia pia ni mguu upi hutangulia kushuka. Ikiwa ni uleule daima, nao ndio unaouma, mwombe daktari azingatie hilo, kwani umri mara nyingi hugusa magoti yote mawili.

Usifiche jeraha la zamani. Sheria nyingi hukubali kwamba kazi iliyozidisha tatizo lililokuwapo inastahili fidia, lakini rekodi ya zamani uliyoikana itafukuliwa, na baada ya hapo hata ukweli wako hautaaminika. Hakikisha vilevile mkataba unakuhesabu kuwa mwajiriwa, kwa maana madereva wengi huandikwa kama wakandarasi na dai hukwama hapo kabla goti halijatazamwa.

Ukiitwa kwa daktari wa bima, yaani aliyechaguliwa na anayelipa fidia, jibu kwa ukweli bila kutia chumvi, na ukitoka tu andika uchunguzi ulichukua dakika ngapi na goti lilikunjwa namna gani. Ripoti ikitaja kipimo ambacho hakikufanyika, mpelekee daktari wako maandishi hayo ajibu. Dai likikataliwa, soma sababu iliyoandikwa na uikatie rufaa sababu hiyohiyo, ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua.