Mpunga, mchele, mbata: namna ya kulinganisha takwimu za kilimo za Asia na Pasifiki

Juzi dogo mmoja anayeandika tasnifu kanitumia jedwali lake la zao la mpunga la mwaka 2021, India tani milioni 130, Thailand 33 na ushee, Japani 7 na nusu, akahitimisha kwamba Thailand inavuna robo ya India. Namba zote tatu ni za kweli, tena za serikali zenyewe, ila jedwali zima halifai. India wanatangaza mchele, Thailand wanatangaza mpunga, Japani wao wanapima ganda la nje likishatoka lakini pumba bado iko. Sisi tunajua mpunga, mchele na wali ni vitu vitatu, lakini hizi takwimu zikiandikwa Kiingereza vyote vinakuwa neno moja, ndo hapo watu wanapotea.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote soma yale maandishi madogo chini ya jedwali ujue kilichopimwa ni nini. Njia nyepesi ni kuanzia FAOSTAT, hifadhidata ya mtandaoni ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure, ina data tangu 1961, na nchi zote imeziweka kwenye mpunga. Ukitaka mchele zidisha kwa 0.667, ukitaka kurudi kwenye mpunga gawanya. Jaribu na India: 130 gawa kwa 0.667 unapata 195, fungua FAOSTAT ya India 2021 utaikuta hapohapo. Japani usiigawe kwa 0.667, maana namba yao bado ina pumba, chukua ya FAOSTAT moja kwa moja: inapanda hadi 10 na nusu. Sasa Thailand sio robo tena, ni kama moja ya sita ya India, na hiyo inabadilisha sura nzima ya tasnifu. Wizara ya kilimo ya Marekani nayo ina data nzuri sana ila ni za mchele, usichukue nchi moja huku na nyingine kule.

Mwaka nao uangalie. India ikisema 2021-22 ni Julai hadi Juni, FAOSTAT inauweka 2021 kwa sababu mavuno makubwa yanaangukia huko. Mi huwa nachukua wastani wa miaka 3, inapunguza hizi tofauti na inapunguza pia mwaka mmoja wa ukame kuharibu picha.

Vipimo: hekta 1 ni rai 6.25 za Thailand na mu 15 za China, na laki ya India ni laki hiihii yetu. Halafu eneo lililovunwa sio ukubwa wa shamba, kwenye delta ya Mekong kule Vietnam shamba moja linavunwa mara 2 au 3 kwa mwaka na kila mavuno yanahesabiwa upya, kwa hiyo tani kwa hekta ni za msimu mmoja, sio za mwaka.

Kitu kinachoumiza watu wengi ni nchi kubadili njia ya kuhesabu. Indonesia mpunga wa 2017 ulitangazwa tani milioni 81, wa 2018 ukaja 59, mtu akiona anadhani kulikuwa na janga. Hakukuwa na janga. Zamani eneo lilikadiriwa kwa macho, mwaka huo ofisi ya takwimu BPS ikaleta sampuli ya maeneo, vipande vya mita 300 kwa 300, mkusanyaji anakwenda mwisho wa kila mwezi anapiga picha kwa simu kuonyesha mpunga umefikia hatua gani. Ukichora grafu weka mstari hapo 2018 na usihesabu ukuaji wa kuvuka huo mstari.

Nazi ni hivyohivyo. Indonesia kwao wanaripoti kwa mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, tani milioni 2.8 hivi, Ufilipino wanapima nazi nzima, karibu milioni 15. Ukiziweka pamoja Ufilipino inaonekana mara tano zaidi, wakati kwa nazi nzima FAOSTAT inaipa Indonesia kama milioni 17, yaani iko mbele.

Visiwa vya Pasifiki kama Tuvalu na Kiribati angalia kwanza kwenye FAOSTAT ile safu ya herufi pembeni ya kila namba: A ni takwimu rasmi, E ni makadirio, I imejazwa na FAO yenyewe kwa hesabu. Ukikuta I mfululizo miaka kumi usiandike kabisa kwamba uzalishaji umetulia, hakuna aliyepima. Nenda Pacific Data Hub, tovuti ya data ya SPC, yaani Jumuiya ya Pasifiki, shirika la nchi za huko lenye makao Noumea, New Caledonia, kuna tafiti za mapato na matumizi ya kaya, na humo ndo utayaona magimbi ambayo familia inalima na kula nyumbani bila kufika sokoni.