Ukiwa mjamzito hata mbege ni pombe
Jamani wadada, kuna hii kitu naisikia sana, eti bia inadhuru mtoto ila mbege au ulanzi ni sawa tu kwa sababu ni vya asili na vinaongeza damu. Hapana. Pombe ni pombe, ukinywa inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, na ini lake bado changa haliwezi kuisafisha kama la kwako, so inakaa nae muda mrefu na ubongo ndo unaumia zaidi maana unajengwa miezi yote tisa, sio ile mitatu ya mwanzo peke yake. Baadae unakuta mtoto hatulii, anasahau, hesabu hazipandi, anachapwa shuleni bure. Inauma sana.

Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Sigara nayo, nikotini na ule moshi vinapunguza oksijeni ya mtoto, anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Shisha ni hivyo hivyo, yale maji hayachuji sumu. Na baba, vutia nje mbali kabisa, moshi wako anauvuta mama.

Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba usijilaumu, acha leo, inasaidia kweli, na umwambie nesi kliniki. Ila kama unakunywa kila siku usikate ghafla peke yako, mwili unaweza kutetemeka mpaka degedege, nenda hospitali wakusaidie kuacha.