Kilo na bei ya dagaa kwenye grafu moja

Anayeuza dagaa pale Mwaloni, soko la Kirumba jijini Mwanza, anataka kujua mambo mawili: wiki hii zimetoka kilo ngapi, na kwa bei gani. Tutaweka kilo kwenye nguzo na bei kwenye mstari, kwa Excel ya 2013 au ya baadaye.

1. Jedwali. Safu tatu: wiki, kilo, bei. Namba za mfano:

Wiki 1: 900, 5,000
Wiki 2: 850, 5,200
Wiki 3: 200, 8,500
Wiki 4: 650, 6,000

Andika "Wiki 1", si "1" tupu, la sivyo Excel inaweza kuzichora wiki nazo kama namba za mauzo. Kwenye kilo fanya kinyume: namba peke yake, bila "kg".

2. Grafu. Teua jedwali lote na vichwa vyake. Bofya Insert, Recommended Charts, All Charts, kisha Combo.

3. Mihimili miwili. Kilo zipe Clustered Column, bei ipe Line, halafu weka tiki ya Secondary Axis (mhimili wa pili, yaani kipimo cha kulia) kwenye bei. Usiiruke tiki hiyo. Bei iko kwenye maelfu, kilo kwenye mamia. Zikigawana mhimili mmoja, nguzo zako zitalala chini kama nyasi zilizokanyagwa.

4. Majina. Bofya alama ya kujumlisha pembeni mwa grafu, weka tiki Axis Titles. Kushoto andika "Kilo", kulia "Shilingi kwa kilo". Nguzo zianzie sifuri daima, maana msomaji anapima urefu wake.

Sasa isome. Wiki ya tatu nguzo imeporomoka, mstari umepaa. Kwa mvuvi hilo halina fumbo: dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mzigo unapungua na bei inapanda. Ila mahali mstari unapokatiza nguzo hapana maana yoyote. Badilisha kipimo cha kulia, makutano yanahama bila hata kilo moja kuongezeka. Nimeona watu wakibishana kikao kizima juu ya makutano hayo!

Na kama chini umeandika masoko badala ya wiki, tuseme Kirumba, Igoma na Buhongwa, achana na mstari. Kati ya Igoma na Buhongwa hakuna bei inayosafiri. Weka nukta tu.

Kuituma WhatsApp: bofya ukingo wa grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Copy, kisha ibandike kama picha.