Kuchambua Timu ya Lakrosi ya Chuo Kabla ya Msimu, Ukiwa Malindi

Ukiwa na ndugu anayesoma Marekani, au umeupenda tu mchezo huu kwenye simu, Januari itakukuta kijiweni ukiulizwa: "Timu yenu mwaka huu vipi?" Kujibu "wako vizuri" ni kukwepa swali. Jibu lenye uzito linataka jioni mbili, daftari na kikokotoo cha simu, na kazi inaanzia kwa walioondoka.

Kwa asiyeujua mchezo: mpira hubebwa na kurushwa kwa fimbo yenye wavu, na katika lakrosi ya wanaume, tunayoizungumzia hapa, kila upande una watu 10, yaani golikipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Uwanja ni yadi 110 kwa 60, hivyo aliyezoea kutazama mpira uwanja wa Alaskan hapa Malindi hatapotea. Goli ndilo litakalomshangaza: futi 6 kwa 6 tu, na nyuma yake kuna nafasi ya kucheza. Robo ni nne za dakika 15, na timu yenye mpira ina sekunde 80 za kupiga shuti. Kubadilisha wachezaji hakuna idadi, tena hufanywa mpira ukiwa unachezwa. Ndiyo maana kikosi ni kikubwa na mtu anaweza kuwa na kazi moja ndogo tu msimu mzima.

Sasa fungua orodha ya wachezaji kwenye tovuti ya michezo ya chuo. Herufi A ni mshambuliaji, M kiungo, D beki, G golikipa. Hizo hazina shida. Zinazorukwa ni LSM, kiungo wa fimbo ndefu. SSDM, kiungo mkabaji wa fimbo fupi. Na FO, anayegombea mpira katikati. Hawa hawafungi sana, basi watu wanawapita kama hawapo. Kumbuka sheria inaruhusu fimbo ndefu nne tu kwa timu uwanjani, ukiacha ya golikipa. Mabeki wameshachukua tatu. Ya nne ni ya LSM. Timu iliyompoteza LSM wake na haina wa pili aliyewahi kucheza, iwekee alama nyekundu mapema.

Miaka huandikwa Fr., So., Jr., Sr. na Gr., kuanzia mwaka wa kwanza hadi mwanafunzi wa uzamili. Ukiona R- mbele, huyo alikaa mwaka mzima bila kucheza: R-So. yuko chuoni mwaka wa tatu, mwili umeshakomaa, usimhesabu mtoto.

Weka takwimu za msimu uliopita kando ya orodha mpya, ukate jina moja moja la aliyeondoka. Usikate kwa kuangalia Sr. pekee. Kuna Sr. anayerudi kama Gr., na kuna So. aliyehamia chuo kingine kiangazi bila wewe kusikia. Ukimaliza, jumlisha mabao ya waliobaki, gawa kwa mabao yote ya timu. Chukulia timu ilifunga 190 na waliobaki walifunga 114: hiyo ni asilimia 60. Rudia hesabu hiyo kwa pasi za mabao, na hapa usiwe na haraka. Mfungaji aliyebaki huku mtoa pasi wake ameondoka ni nusu mchezaji mpaka athibitishe vingine. Pitia kumbukumbu za mechi, uhesabu mabao yake mangapi yalitoka kwa pasi na mangapi kwa chenga zake mwenyewe.

Chuo cha Cornell ni mfano mzuri. Mwaka 2025 walitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Maryland 13 kwa 10, wa kwanza kwao tangu 1977. Mshambuliaji wao CJ Kirst alichukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo, kisha akamaliza. Kosa la kawaida ni kuchukua mabao yake na kuwagawia waliobaki kama sadaka. Beki bora wa mpinzani, aliyekuwa akimganda Kirst, sasa anahamia kwa yule wa pili, na huyo wa pili anaweza hata kushuka. Tena Cornell wako Ivy League, ligi ya vyuo vikongwe vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako wanafunzi wa uzamili hawachezi, kwa hiyo pengo halizibwi kwa Gr. wa kuazima mwaka mmoja. Kwingineko inawezekana, ingawa vyuo vilivyoingia kwenye mapatano ya 2025 ya kuwalipa wanamichezo vina ukomo wa wachezaji 48.

Baada ya hapo nenda kwa FO. Mechi ya 12 kwa 10 ina mabao 22, na baada ya karibu kila bao mpira hurudi katikati kugombewa. Ongeza mianzo ya robo, unapata kama mara 25. Anayeshinda asilimia 60 anaipa timu yake mipira 15 dhidi ya 10. Mipira mitano ya ziada, bila mtu kukimbia! Kwa maoni yetu nafasi hii ina uzito kuliko mshambuliaji wa tatu.

Golikipa mpime hivi: mashuti aliyookoa, gawa kwa aliyookoa na aliyofungwa pamoja. Aliyeokoa 150 na kufungwa 140 ana karibu asilimia 52, si haba. Chini ya 50, mabeki wake wana kazi. Wa akiba mwenye 60 usimwamini kabla hujaangalia aliingia lini. Mara nyingi ni dakika za mwisho, mechi imeshakwisha.

Kwenye ratiba, tenga mechi za ligi. ACC, ligi nyingine ya vyuo, ina timu tano, kila moja inacheza nne. Ivy ina saba, kila moja sita. Mashindano ya taifa huchukua timu 18 na fainali ni mwisho wa Mei. Ushindi dhidi ya wanyonge hauwafikishi huko.

Mwisho, saa. Huku Malindi usihangaike kutoa na kujumlisha nane: Februari, chukua saa ya mashariki mwa Marekani, ongeza mbili, umepata saa ya Kiswahili. Mechi ya 1:00 PM ni saa tatu usiku. Ramadhani ikiangukia Februari, saa hiyo huwakuta watu wakitoka tarawehe. Ya 7:00 PM Jumamosi ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wenzetu husogeza saa zao mbele, basi ongeza moja tu. Na mechi ya Denver, chuo kilicho magharibi zaidi, ikiwa imeandikwa kwa saa za kwao, ongeza mbili nyingine juu yake.