SOMO: Vipapatio vya pilipili siku ya dabi, kwa oveni ya nyumbani

Wakuu, salaam. Kila dabi ya Kariakoo ikikaribia, maswali ni yale yale: vipapatio vimetoka lege, sosi imekimbilia chini ya bakuli, pilipili inachoma koo na ladha haipo. Naandika mara moja kwa mpangilio, anayeuliza tena aelekezwe hapa.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: adui wa kipapatio ni maji. Ngozi yake ina mafuta ya kutosha kujikaanga yenyewe, ila haianzi kukaangika mpaka maji yaliyo juu yake yaishe. Hatua karibu zote hapa chini ni za kutoa maji au kuyazuia yasirudi.

Mahitaji (watu 6, kila mtu vipande 8 hivi)

Vipapatio vya kuku wa kisasa kilo 2. Wa kienyeji mwacheni kwenye mchuzi, kipapatio chake ni kigumu na hakina mafuta ya kazi hii. Beking pauda vijiko 2 vya chakula, chumvi laini vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai. Mafuta ya kupikia hayahitajiki.

Sosi: pilipili mbuzi nyekundu 5, pilipili hoho nyekundu 2 kubwa, kitunguu saumu punje 6, siki nyeupe mililita 120, siagi gramu 100, chumvi kijiko 1 cha chai, sukari nusu kijiko cha chai.

Hatua ya 1. Kata kwenye viungo. Kisu kikigonga mfupa, sogeza kidogo utaona kinateleza chenyewe. Ncha weka kando.

Hatua ya 2. Vilivyotoka friza viyeyuke ndani ya friji usiku kucha, kwenye chujio juu ya bakuli.

Hatua ya 3. Kausha kwa taulo za karatasi, kipande kimoja kimoja, hadi karatasi itoke kavu. Kuosha kuku mbichi sishauri: maji yanarusha vimelea kwenye sinki na vyombo, na kinachoviua ni moto.

Hatua ya 4. Beking pauda. Si beking soda, na si hamira. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu kilo mbili nzima, someni polepole. Makopo ya pauda na soda yanafanana na dukani yanakaa rafu moja. Ukiweka soda kwa kipimo hiki, ngozi itapata rangi nzuri ya kudanganya, halafu mtu aking'ata anakutana na ladha ya sabuni na chuma, na hakuna sosi ya kuifunika. Pauda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi na wanga, hivyo ukali wake ni mdogo. Unatosha kulegeza protini za ngozi, kuifanya iwe kahawia mapema, na kutoa vipovu vya gesi vinavyoiachia vile vijivimbe vidogo vinavyovunjika mdomoni.

Tahadhari za hatua hii:
- Kijiko kisawazishwe kwa kisu. Kijiko cha mlima ni karibu viwili.
- Usiroweke nyama kwenye ndimu, siki wala mtindi kabla. Asidi inamaliza nguvu ya pauda hapo hapo, na umerudisha maji uliyoyatoa.
- Soma kopo, chagua isiyo na alumini. Yenye alumini huacha uchungu kwa baadhi ya walaji.
- Pauda ya zamani ijaribu: nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipochemka povu papo hapo, nunua nyingine.
- Changanya pauda, chumvi na manga kwanza vikiwa vikavu, kisha nyunyiza kwa chujio huku unageuza. Ukimwaga kwa mkono, kipande kimoja kinabeba donge na kingine hakipati kitu.

Hatua ya 5. Panga juu ya waya, ngozi juu, vipande visigusane. Weka kwenye friji bila kufunika saa 8 hadi 24, rafu ya chini kabisa ili visidondokee vyakula vingine. Asubuhi ngozi inakuwa imevutwa kama ya ngoma, imeingia rangi ya njano iliyokolea, na ukiigusa kidole hakinati. Ikinata, bado.

Hatua ya 6. Oveni nyuzi 120 za Selsiasi, dakika 30. Kisha pandisha hadi 220 bila kutoa vipapatio, dakika 40 hadi 50. Geuza mara moja katikati, na kama una trei mbili badilishana juu na chini. Trei itandikwe foili, vipapatio vikae juu ya waya. Vikilala kwenye trei vitachemka ndani ya mafuta yao. Vimeiva ukigonga kwa koleo ukasikia mlio mkavu.

Hatua ya 7. Sosi. Fungua madirisha kwanza, mvuke wa siki na pilipili unakohoza nyumba nzima. Chemsha pilipili mbuzi, hoho, saumu, siki, chumvi na sukari dakika 10 kwa moto mdogo. Saga, chuja, rudisha jikoni mpaka ishike mgongo wa kijiko. Zima moto kabisa, ndipo uingize siagi ya baridi kipande kimoja kimoja ukikoroga mfululizo. Siagi ikishaingia sosi isichemke tena. Ikichemka inakatika: mafuta juu, maji chini, na maji hayo ndiyo yanayolegeza ngozi. Ikikatika, ongeza kijiko cha maji ya vuguvugu na uikoroge kwa nguvu ikiwa nje ya moto. Mara nyingi inarudi.

Ukali wa pilipili mbuzi uko hasa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Ukiukwangua, harufu nzuri inabaki na moto unapungua.

Hatua ya 8. Bakuli kubwa, vipapatio vya moto, sosi ya vuguvugu, rusha mara sita saba, peleka mezani. Usifunike. Dakika 20 baada ya sosi ngozi inaanza kulainika, kwa hiyo pakeni vya kuliwa sasa tu.

Ratiba, mechi ikianza saa 11:00 jioni. Oveni iwe na moto saa 9:15, vipapatio vitoke karibu na saa 10:45. Nusu paka sosi vianze kuliwa. Nusu acha vikavu juu ya waya, na dakika ya 37 ya mchezo virudishe kwenye oveni nyuzi 220 kwa dakika 8 hadi 10. Mapumziko yakifika vinatoka kama vipya.

Pembeni weka vijiti vya karoti na tango, na mtindi uliochujwa kwenye kitambaa saa mbili, ukatiwa punje moja ya saumu iliyosagwa na chumvi kidogo.

Maswali karibuni.

---

Mla_Kona: Mkuu hamira niweke vijiko vingapi?

Jibu: Hatua ya 4, maneno matano ya mwanzo hayatoshi, soma yote.

DadaWaUkonga: Asante kwa somo kaka. Mimi sina oveni, nina jiko la gesi na karai. Nifanyeje nisikose?

Jibu: Hukosi kitu dada, na Marekani, ambako vipapatio hivi vya sosi ya pilipili vinaitwa "Buffalo", asili yake ni kukaanga. Fanya hatua ya 1 hadi 3, kisha paka chumvi tu, pauda iache. Friji usiku kucha kama kawaida, hii ni muhimu zaidi kwako maana maji yakikutana na mafuta ya moto yanaruka. Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta nyuzi 150 hadi 160, dakika 10 hadi 12, vipande 12 tu kwa mkupuo ili mafuta yasipoe. Toa, weka juu ya waya dakika 15. Mara ya pili nyuzi 190, dakika 3 au 4. Huna kipimajoto? Chovya mpini wa mwiko mkavu: vipovu vidogo vya uvivu ni ule moto wa kwanza, vipovu vinavyopanda kwa kasi pande zote ni wa pili. Mafuta yakitoa moshi yamepita, zima. Karai lisizidi nusu. Na moto ukishika mafuta usimwage maji kamwe. Zima gesi, funika kwa mfuniko.

DadaWaUkonga: Nimeelewa. Hiyo mara ya kwanza naweza kuifanya mchana?

Jibu: Unaweza, na ndivyo inavyofaa siku ya wageni. Vikipoa viingie friji, jioni unamalizia kwa moto mkali, ongeza dakika moja au mbili, na pasua kimoja kikubwa uone karibu na mfupa pamoto na pasipo na ubichi.

FundiRedioMwanza: Swali la kujifunza mkuu. Kwa nini nyuzi 120 kwanza? Kwa nini usianze 220 moja kwa moja?

Jibu: Swali zuri sana. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta. Ukianza na moto mkali, uso unakauka na kufunga kabla mafuta hayajayeyuka na kutoka, unabaki na ngozi ya kahawia juu na ute mnene chini. Nyuzi 120 zinayeyusha mafuta taratibu, yanadondoka kwenye trei, na ngozi inabaki nyembamba. Baada ya hapo moto mkali una ngozi tu ya kushughulika nayo. Jambo la pili: kuku ni salama akifika nyuzi 74 ndani, lakini kipapatio kimejaa mishipa na gegedu. Kikifika 85 au hata 90 mishipa hiyo inageuka ute laini na nyama inaachia mfupa. Kidari ukikifikisha huko kinakuwa kama pamba. Kipapatio kinapenda.

Jogoo_Mjini: Nimefuata kila kitu, vimetoka lege. Hili somo halifanyi kazi.

Jibu: Vilikaa friji saa ngapi, na ulitumia waya?

Jogoo_Mjini: Friji sikuweka, muda haukuwepo. Waya sina, nikaweka kwenye trei. Na nilifunika kwa foili visipoe wageni wakichelewa.

Jibu: Basi hukufuata hatua ya 5, 6 wala 8. Ukifunika, mvuke unarudi kuwa maji juu ya ngozi. Kama waya huna, kunja foili nene iwe na matuta, panga juu ya matuta. Kama usiku haupo, kausha kwa karatasi mara mbili na uongeze dakika 15 kwenye nyuzi 120. Havitalingana na vya usiku kucha.

Msafiri_KE: Niko Nairobi, sisi hapa ni makaa. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana na moshi unaongeza ladha. Sukuma makaa yote upande mmoja, vipapatio vikae upande usio na makaa, funika kwa mfuniko au sufuria pana, acha upenyo wa hewa. Dakika 35 hadi 40, ukigeuza kila dakika 10. Mwisho vilete juu ya makaa dakika 2 au 3 bila kufunika, usiondoke hapo, mafuta yakidondoka yanawasha ndimi. Sosi isipakwe vikiwa jikoni, siagi itaungua iwe chungu.

KijanaWaGoba: Jamani hivi vipapatio vinavyoitwa "Buffalo" vina nyati ndani? Nauliza kwa nia njema.

Jibu: Hakuna nyati. Buffalo ni mji wa jimbo la New York. Habari inayosimuliwa zaidi ni kwamba mwaka 1964 Teressa Bellissimo, kwenye baa ya familia yake iitwayo Anchor Bar, alikaanga vipapatio, wakati huo vingi viliishia kwenye supu, akavipaka sosi ya pilipili na siagi. Ndiyo maana mpaka leo sosi yao ni hiyo, na pembeni unakuta seleri na sosi ya jibini ya bluu. Lakini usimsahau John Young, Mmarekani mweusi wa mji huo huo, aliyeuza vipapatio vizima vilivyopakwa unga na kumwagiwa sosi yake iliyoitwa "mambo" miaka hiyo hiyo ya 1960. Kwao Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, bila vipapatio haijakamilika, ni kama sisi na mishikaki.

Bi_Mkubwa_Pemba: Mwanangu, siki mbona kali hivyo? Sisi tungetia ukwaju.

Jibu: Shikamoo mama. Ukwaju unakubali vizuri sana. Gramu 80 za ukwaju, maji ya moto mililita 150, vifikiche, chuja mbegu, tumia badala ya siki yote. Ila ukwaju ni mzito, sosi inashika kijiko mapema, kwa hiyo punguza muda wa kuichemsha baada ya kuchuja. Sukari iongezwe ifike kijiko kimoja cha chai.

Bi_Mkubwa_Pemba: Marahaba. Na zile ncha usitupe, chemsha na tangawizi saa moja na nusu, supu yake inaganda ikipoa.

Jibu: Kweli kabisa mama. Vikombe viwili vya supu hiyo vinapikia wali mzuri kesho yake.

Mwl_Chemba: Oveni yangu kitufe kimefutika namba. Nitajuaje 220?

Jibu: Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka nusu kijiko juu ya foili, subiri dakika 15. Haijayeyuka, uko chini ya hapo, pandisha kidogo urudie. Imeyeyuka, weka alama ya kalamu kwenye kitufe, na 220 iko mbele kidogo. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni bora zaidi ukikipata.

Mla_Kona: Nimeshika pilipili mbuzi, mikono inawaka, maji hayasaidii. Msaada haraka.

Jibu: Maji hayayeyushi ule ukali, mafuta yanauyeyusha. Paka mafuta ya kupikia mikono yote hadi chini ya kucha, sugua dakika moja, kisha sabuni ya vyombo, rudia mara mbili. Usiguse macho wala mtoto. Ikiwa ni mdomo, kunywa maziwa. Safari nyingine vaa mfuko wa plastiki mkononi.