SOMO: Kuotesha kwa mbegu vitunguu vya maua vya Rasi vinavyochanua wakati wa baridi

Wadau, mwezi huu nimejibu swali lilelile la jinsi ya kuotesha vitunguu hivi kwa mbegu mara sita, tatu kati ya hizo kwa mtu yuleyule. Nayaandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo, wala salamu sitatia.

Nazungumzia mimea ya maua inayohifadhi akiba yake kwenye kitunguu ardhini: Lachenalia, Freesia, Babiana, Sparaxis, Ixia, Moraea na ndugu zao wa eneo la Rasi, kusini-magharibi mwa Afrika Kusini. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, na miezi ya joto ni mikavu. Kwa hiyo huamka baridi ikiingia, huchanua, kisha joto likirudi hujificha ardhini na kulala. Anayewatunza kinyume na hapo anawaua.

1. Muda. Panda joto likishavunjika na usiku umeanza kupoa: Machi hadi Mei kusini mwa ikweta, Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba kaskazini.

2. Chungu. Kirefu, sentimita 15 kwenda chini au zaidi, chenye matundu.

3. Udongo. Mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu mbili, mboji iliyochekechwa sehemu moja. Mchanga wa pwani uache, una chumvi.

4. Kupanda. Tawanya mbegu, usizibananishe. Kinyausi (ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche) kikianza pembeni hufagia chungu kizima. Funika kwa unene wa mbegu yenyewe, kisha tandaza changarawe ndogo juu ili maji yasizifukue.

5. Maji. Simamisha chungu kwenye beseni hadi uso wa udongo ulowe, kitoe, kiache kichuruze maji. Kiweke penye mwanga na ubaridi wa usiku.

6. Kusubiri. Wiki 3 hadi 8. Kinachotoka ni jani moja jembamba kama unyasi. Huo ndio mche. Mgeni wangu mmoja aliwahi "kunisaidia kupalilia" chungu cha Ixia. Tangu siku hiyo vyungu vyangu vina vibao.

7. Mbolea. Ya maji, potasiamu nyingi, nitrojeni kidogo, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila wiki mbili tatu majani yakiwa mabichi.

8. Kulala. Hapa someni polepole.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na miche 40 na ushee ya Lachenalia. Joto lilipoanza, majani yakaingia njano kuanzia nchani. Nikasema ni kiu, nikamwagilia. Njano ikazidi, nami nikazidisha maji, nikaongeza na mbolea juu yake. Mwisho nikamwaga udongo wote kwenye gazeti. Vitunguu vilikuwa vya ukubwa wa punje ya dengu, na kila nilichokibonyeza kilipasuka kikatoa ute wa kijivu. Vigumu vilikuwa vitatu.

Njano ile si kiu. Mmea unashusha akiba yake chini kabla ya kulala. Majani yakianza njano, punguza maji. Yakikauka, acha kabisa. Hamishia chungu kivulini pasipofika mvua, ukiache hadi usiku upoe tena, ndipo ukiloweshe vizuri mara moja tu na usubiri.

ONYO: usivitoe kwenye udongo mwaka huu wa kwanza. Ni vidogo mno, nje hukauka moja kwa moja. ONYO la pili: chungu cheusi kilichoachwa juani hupika kilichomo.

9. Badilisha chungu baada ya msimu wa pili, vikiwa vimelala. Freesia inaweza kuchanua mapema, hata msimu wa pili. Lachenalia na Babiana mara nyingi miaka 2 hadi 3. Brunsvigia, mwenzao mwingine wa kitunguu, ianze ukiwa kijana, maana kusubiri ua miaka 10 si ajabu.

MASWALI

Chipukizi88: Mkuu nimepanda wiki iliyopita, kimya. Mbegu mbovu?

Jibu: Hatua ya 6.

Chipukizi88: Kwa hiyo nisubiri?

Jibu: Ndiyo.

BintiBustani: Shikamoo mwalimu. Kwa nini chungu kirefu wakati kitunguu chenyewe ni kama dengu?

Jibu: Marahaba binti, nilikuwa namsubiri wa kuuliza hili. Mbegu huota karibu na uso wa udongo, lakini kitunguu kinataka kukaa chini, mbali na joto. Wengi wao huota mzizi mnene kuliko mingine, ambao baadaye hujikunja kwa mikunjo kama shingo ya kobe na kukivuta chini. Utakapobadilisha chungu utashangaa: ulipanda milimita chache, unavikuta vimejazana sakafuni. Chungu kifupi huwanyima safari hiyo.

Mzee_Kitalu: Unatisha watu bure. Veltheimia yangu, nayo ni ya kitunguu, namwagilia mwaka mzima na inachanua.

Jibu: Ni aina ya Veltheimia bracteata? Hiyo ni ya upande wa mashariki wa Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha hata wakati wa joto, na inaweza kubaki na majani mwaka mzima. Jaribu hivyo kwa Veltheimia capensis uone.

Mzee_Kitalu: Ni bracteata. Basi ungeandika.

Jibu: Sawa mzee, hapo umenipata.

Mtulivu: Mimi sina msimu wa baridi kabisa, hata usiku ni joto. Nifanyeje?

Jibu: Hawa watakusumbua. Wakati wa kuota na kukua wanapenda usiku wa nyuzi 5 hadi 12 hivi. Geukia wa upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo, wanaokua wakati wa joto na mvua: Eucomis, au Gladiolus dalenii. Kwa hao, hatua ya 8 inageuka: kavu ni wakati wa baridi.

BintiBustani: Mbegu zangu za Nerine ni za kijani, nene, na zimeotea ndani ya bahasha!

Jibu: Hongera, hazijafa. Mbegu za Nerine, Brunsvigia na Haemanthus hazitunziki. Zina maji yake zenyewe na huota popote zilipo. Zilaze juu ya mchanga leo hii, kizizi kikitazama chini, usizifukie.

Mzee_Kitalu: Niongezee na mimi. Chungu kisichootesha msimu wa kwanza msikimwage. Kikaushe, ukiloweshe tena baridi ya mwaka unaofuata. Moraea zangu ziliota hivyo. Na vibao andikeni kwa penseli, wino wa kalamu hufutika juani.

Jibu: Na kibao cha pili kifukie ndani ya chungu. Ndege huking'oa cha juu.

Chipukizi88: Mkuu, rafiki yangu ana Freesia, majani yamekuwa njano. Nimemshauri aongeze maji.

Jibu: Mpigie simu sasa hivi.