Masika yanaingia: ushushe bei ya chumba au uiache?

Machi ikikaribia kwisha, nyumba za wageni za Zanzibar, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, huanza kushindana kushusha bei. Wa kwanza anaandika dola 50, wa pili 45, wa kwanza anarudi na 40. Mei inakwisha, vyumba vitupu ni vile vile, na vilivyolaliwa vimeacha hela kidogo kuliko mwaka uliopita. Kushusha bei si kosa. Kosa ni kushusha bila kujua wageni wako wanaitikia bei kwa kiasi gani, na hicho kinapimika hata kwa gesti ya vyumba kumi yenye daftari la kawaida. Wachumi hukiita mnyumbuko wa mahitaji: asilimia ya mabadiliko ya usiku uliouza, igawe kwa asilimia ya mabadiliko ya bei.

Kabla ya mnyumbuko, jua chumba kinakuachia nini

Weka kando mkopo, mlinzi na mishahara ya mwezi, kwani hivyo unalipa hata nyumba ikiwa tupu. Andika kile tu kinachokutoka kwa sababu mgeni amelala: kamisheni ya mtandao wa buking (mara nyingi asilimia 15, wakati mwingine zaidi), chai ya asubuhi, dobi, sabuni, umeme wa Tukuza (mita ya kulipia kabla), na maji ya bowza kwa wale ambao mferejini hayatoki. Kiyoyozi kipime peke yake: soma mita jioni mgeni anapoingia na asubuhi anapotoka. Wengi hushtuka.

Tuseme bei ni dola 60. Kamisheni inachukua 9, chai, dobi, umeme na maji vinachukua 11. Inabaki 40. Kodi tumeziacha nje ili hesabu isomeke. Kwenye daftari lako ziingize.

Sasa punguza asilimia 20, iwe dola 48. Kamisheni inashuka hadi 7.20, lakini mayai na umeme havijui kwamba umepunguza bei: 11 ni ile ile. Inabaki 29.80. Gawa 40 kwa 29.80 upate 1.34. Maana yake, ili usipate pungufu ya zamani, lazima uuze usiku asilimia 34 zaidi. Kama Mei ungeuza usiku 90 kwa dola 60, kwa dola 48 unahitaji 121.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapojidanganya. Chukua mfano umeuza usiku 118. Mapato yalikuwa 5,400, sasa ni 5,664, na meneja anafurahi. Lakini kilichobaki baada ya gharama kilikuwa 3,600 na sasa ni kama 3,516. Umefua mashuka zaidi, umekaanga mayai zaidi, na mfuko umepungua. Kanuni ya darasani kwamba mnyumbuko ukizidi 1 punguza bei inahusu mapato, si kinachobaki.

Kwa kupima, tumia wastani wa bei mbili na wastani wa idadi mbili, la sivyo jibu litabadilika kulingana na upande ulioanzia. Usiku umetoka 90 hadi 118: tofauti ni 28, wastani 104, sawa na asilimia 26.9. Bei imetoka 60 hadi 48: tofauti ni 12, wastani 54, sawa na asilimia 22.2. Mnyumbuko ni 1.21. Wageni wameitikia kweli, ila hawakutosha.

Daftari lako linaweza kukupoteza

Usichukue rekodi za mwaka mzima ukalinganisha bei na wageni. Agosti bei iko juu na nyumba imejaa, Mei bei iko chini na nyumba tupu. Ukipiga hesabu utaona kwamba bei kubwa ndiyo inayoleta wageni. Kilichowaleta ni likizo za Ulaya na ukavu wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini.

Kulinganisha Aprili na Aprili nako kuna mtego. Pasaka inahama: 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 ikawa Aprili 20. Ramadhani nayo inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Toa wiki hizo kwanza.

Njia safi ni kubadilisha bei kwa zamu ndani ya msimu mmoja: wiki mbili bei ya zamani, wiki mbili bei mpya, kisha rudia. Hesabu buking zilizoingia katika wiki hizo, si wageni waliolala, maana anayelala leo huenda aliona bei ya mwezi uliopita. Usibadilishe picha wala maelezo wakati huo. Siku nyumba ikijaa, andika waliouliza wakakosa; usipowaandika utadhani mahitaji yaliishia kwenye chumba cha kumi.

Nani hasa anaitikia bei

Mtu wa kaiti wa Paje, anayeteleza majini akivutwa na tiara, anafuata upepo. Kusi ikivuma anakuja, na Mei upepo ukiwa haueleweki hata nusu bei haimvuti. Mgeni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara anataka kulala karibu na jukwaa mwezi wa Februari, na vyumba vya Mji Mkongwe vina hesabu. Huyo kumpunguzia ni sadaka. Mpiga mbizi anayekwenda Pemba hana hoteli nyingi za kuchagua. Kinyume chao ni familia inayovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam sikukuu ya Idi: inalipa kwa shilingi, inapiga simu nyumba tano, na elfu ishirini inaibadilisha mawazo. Kwa hao weka bei ya wakaazi, wapige simu moja kwa moja, kamisheni isiwepo.

Mgeni wa Ulaya aliyekwisha nunua tiketi naye ni mwepesi wa bei, lakini kati yako na jirani tu. Angalia hesabu yake kabla hajaamua safari. Wiki moja kwako ni dola 420, ukipunguza asilimia 20 anaokoa 84. Wakiwa wawili, viza ya dola 50 kila mmoja na bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 kila mmoja (ilianza Oktoba 2024) ni dola 188 kabla hawajagusa kitasa cha mlango wako, na nauli bado. Safari nzima ikiwa dola 3,000, punguzo lako ni chini ya asilimia 3. Kwa hilo mtu haamui kuja kunyeshewa. Kwa hiyo wageni wa ziada unaowapata masika mara nyingi umewatoa kwa jirani, na jirani naye anasoma mtandao ule ule. Akishusha naye, ule mnyumbuko wa 1.21 unayeyuka.

Punguza mahali jirani haoni

Bei ya mtandaoni iache karibu na ilipo. Toa nafuu kwa anayeuliza kwa WhatsApp. Ukimtoza 51 bila kamisheni inabaki 40 ile ile, naye ameokoa dola 9. Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ila soma mkataba wako na mtandao, mingine inakataza kutangaza bei ndogo hadharani. Nafuu ya lala nne lipa tatu inafaa kwa ambaye angelala mbili. Aliyekuwa analala tatu, usiku wa nne umemlaza bure.

Sakafu ya bei ya mtandaoni ni gharama za mgeni gawa kwa 0.85 (kinachobaki baada ya kamisheni ya asilimia 15): 11 gawa kwa 0.85 ni karibu dola 13. Chini ya hapo kila mgeni ni hasara. Juu ya hapo kidogo bado hujalipa mpishi, basi jumlisha gharama zote ambazo ungeziokoa kwa kufunga Aprili na Mei, gawa kwa 40 inayobaki kwenye bei ya dola 60, na uone unahitaji usiku ngapi. Zikiwa dola 2,400 kwa miezi miwili, ni usiku 60. Kama rekodi za masika yaliyopita hazifiki hapo, funga, paka rangi, fungua Juni.